Mashine ya Vakyumu na Samaki wa Mama Mwajuma

Mwezi wa Shaaban ukiandama tu, simu yangu haitulii. Mnanitumia picha za mashine za vakyumu, hizi za kuvuta hewa kwenye mfuko wa chakula na kuubana kwa moto, na chini ya kila picha swali ni lilelile: "Shikamoo mzee, hii vipi, itafaa?" Mnataka kujaza friza kabla ya mfungo, muwe na samaki, nazi iliyokunwa na magimbi yaliyomenywa, msihangaike sokoni na kiu kooni. Nawajibu wote. Lakini nimechoka kujibu kipande kipande, na mwaka huu kuna jambo limenikaa kifuani, kwa hiyo nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Someni mpaka mwisho, hata kama shida yenu ni mashine tu.

Kwa wasionijua, jina langu ni Athumani, ila hapa Dunda wananiita Mzee Vakyumu. Nilifanya kazi miaka zaidi ya ishirini katika kiwanda cha kufungasha kamba na pweza, na kilipofungwa nikarudi nyumbani Bagamoyo nikafungua kiduka cha mifuko na mashine ndogondogo za jikoni. Nacho nimekwisha kukifunga. Macho yangu hayaoni tena waya mwembamba, na mkono wa kulia unatetemeka nikishika bisibisi. Nilichobaki nacho ni maneno, na bahati mbaya maneno ndiyo niliyoyatumia vibaya.

Tuanze na mashine, maana najua ndiyo iliyowaleta. Ule mtambo mkubwa wenye kifuniko cha kioo, ambao mfuko mzima unaingia ndani, uacheni kwa wenye hoteli. Kiwandani tulikuwa nao na ni mzuri sana, lakini wewe una samaki kumi na mume mmoja. Ile ndogo ya kuweka mezani, inayobana mdomo wa mfuko tu, inakutosha. Bei ikiwa ya chini usiogope. Fungua kifuniko kwanza.

Ndani utakuta mpira laini umezunguka pande zote. Huo ndio unaozuia hewa isirudi, na huo ndio wa kwanza kufa. Muulize muuzaji kama unachomoka na kama anao wa akiba. Akikwambia "huu hauharibiki, mama," muage kwa adabu uende duka la pili. Na ukishanunua, usiihifadhi mashine ikiwa imefungwa kwa kubana. Mpira unalala, siku unayoihitaji haivuti kitu. Nimeletewa mashine ngapi za "mzee, imekufa," nikauinua mpira, nikaukausha kwa kitambaa, nikauacha upumue mpaka kesho yake, ikavuta. Watu wakadhani nina mkono wa ajabu.

Kisha tazama alama inayoachwa na ule waya wa kuchomea. Ikiwa nyembamba kama uzi, itaachia ndani ya friza na samaki wako atapauka. Unataka alama pana, au mistari miwili. Omba wakufungie kijiko ndani ya mfuko, zamisha mfuko kwenye beseni la maji, uminye. Ukiona mapovu, mrudishie mwenyewe. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Mifuko nayo inahitaji macho. Mashine hizi ndogo zinataka mfuko wenye mikwaruzo upande wa ndani, ili hewa ipate njia ya kutokea. Mfuko laini wa kawaida utalia nao mpaka jua lizame. Kabla hujalipia mashine, uliza mifuko yake inapatikana wapi hapa karibu, la sivyo utabaki na pambo la mezani. Na usome volti nyuma yake. Zile zinazoletwa na ndugu kutoka nje, zilizotengenezewa umeme mdogo kuliko wetu, zinalia mara moja, zinatoa harufu, na hazisemi tena.

Tafuta pia yenye kitufe cha kusimamisha uvutaji unapotaka wewe. Hili nilijifunza kwa aibu. Mama mmoja wa Mapinga, mfanyakazi wa mjini anayetoka alfajiri na kurudi jioni, alinunua kwangu mashine isiyo na kitufe hicho. Akafungia vitumbua vya hitima ya baba yake. Siku ya pili akaja dukani, akauweka mfuko juu ya kaunta bila salamu. Vitumbua vimelala bapa, vimegandana.

"Mzee, hivi niwape wageni wale, au wajifunike?"

Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka, nikambadilishia mashine siku ileile. Kulikuwa na bwana mwingine wa Saadani, yeye alirudi mara tatu akilalamika kwamba mifuko yangu inavuja. Mara ya tatu nikamwomba aje na samaki wake. Akaja nao, mapezi yote yamesimama kama sindano za kutobolea mfuko. Nikachukua mkasi, nikayakata mapezi mbele yake, nikafunga, haikuvuja. Akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu mwanzo. Nilimjibu kwamba hakuniuliza. Lilikuwa jibu la kijeuri, na nilikuwa na majibu mengi ya namna hiyo siku zile.

Chakula chenye maji kigandishe kwanza kwenye friza kwa saa mbili tatu, ndipo ukifunge, la sivyo pampu itakunywa mchuzi. Chakula cha moto kipoe kabisa. Samaki aliyeganda ukitaka kumyeyusha, chana mfuko kwanza. Hili la kuchana mfuko wengi hamlijui, na sababu yake mtaielewa huko mbele.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi la mashine zile nilizokuwa nauza.

Kiwandani nilikuwa mtu wa mashine. Pweza ananijia amekwisha kusafishwa, namtia mfukoni, navuta hewa, nabana, nasukuma trei kupitia kidirisha chenye pazia la plastiki. Ng'ambo ya kidirisha alikuwako Mzee Kombo, mtu wa chumba cha baridi. Sisi jasho linatutiririka, yeye ana koti zito na kofia ya kuziba masikio, mvuke unamtoka mdomoni akisema. Tulimtania sana. Akitoka kwenda kuswali tulimuuliza habari za Ulaya. Alikuwa ananipenda, na kila nilichojua kuhusu kupokea pweza, kumgusa na kumkataa, nilikipata kwake. Siku moja nikamwambia, kwa kujiona, kwamba kazi ya kuhifadhi tunaifanya sisi na yeye ni mtunza stoo.

Hakukasirika. "Athumani, wewe unamvua hewa tu. Anayemzuia asiharibike ni mimi. Nikizima humu siku mbili, kazi yako yote tunaenda kuifukia."

Tulicheka wote. Miaka yote ile sikuwahi kuvuka kile kidirisha kukaa naye hata saa moja. Nilijua mfuko ukiingia na mfuko ukitoka, na kwa kuwa ulitoka salama niliamini salama ile ni ya mashine yangu.

Mke wangu alikuwa Bi Zuhura. Wenye umri kidogo hapa Dunda mnamkumbuka kwa samaki wake wa kubanika. Alikuwa anawapasua, anawapaka chumvi na ndimu, anawalaza juu ya uchaga wa moto wa vifuu na makumbi ya nazi kutwa nzima, anawageuza, halafu anawaweka kwenye tunga la kusukwa lililoning'inia jikoni, wazi, upepo unapita. Watu walitoka mpaka Mapinga kuja kuwachukua kwa ajili ya wageni wao. Ile ndiyo iliyokuwa heshima yake mjini. Mimi nilikuwa na duka, yeye alikuwa na jina.

Tulijaliwa mtoto mmoja, Mwajuma, akaolewa Tabora. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama yake alikuwa ameteguka mguu, hawezi hata kupanda ngazi za basi. Mnajua kwetu ilivyo: mzazi anakaa arobaini na mama yake yuko pembeni, anamkanda, anampikia, anamlazimisha kula. Bi Zuhura alilia siku mbili. Siku ya tatu akawasha moto. Kama hawezi kwenda, akasema, samaki wake watakwenda. Akawabanika, lakini kwa kuwa ni wa mzazi aliwaacha na unyevu kidogo, wasimchoshe meno.

Akaja nao dukani kwenye kapu, anachechemea. Mimi nilikuwa na wateja watatu, namwonyesha mmoja wao mashine mpya. Nilikuwa nimemwambia asubuhi awalete nimfungie, ionekane inavyofanya kazi.

"Baba Mwajuma," akasema polepole, "hawa mimi naona waende kwenye kapu lao kama kawaida. Samaki wa moshi anataka hewa. Ukimziba atatoka jasho."

Wateja wakanitazama. Mke wa fundi anamkosoa fundi mbele ya mashine yake. Nikapaza sauti ili wote wasikie.

"Mama Mwajuma, hewa ndiyo inayoozesha. Hewa ikitoka, huyu samaki anakaa mwezi mzima bila barafu. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini."

"Bila barafu?"

"Bila barafu."

Akaniachia kapu. Nikawafunga mmoja mmoja, mifuko ikanywea na kukaza, wakapendeza kweli. Mteja mmoja akanunua mashine palepale. Samaki wakaondoka kwa basi kesho yake, siku mbili njiani kwenye joto la buti, na mama yake akampigia Mwajuma simu kumpa maagizo: "Baba yako anasema hawana haja ya friji. Waweke kabatini, ule kidogo kidogo." Mwajuma hakuwa na friji wakati ule, kwa hiyo alifurahi. Akawa anamega kwa mkono, bila kupasha moto, na wali au na uji, kwa kuwa wameshaiva. Hawakuwa na harufu yoyote. Wiki ya pili akaanza kuona vitu viwiliviwili. Kope zikamwangukia. Akashindwa kumeza, sauti ikakauka, mikono ikawa haimshiki mtoto. Wakamkimbiza hospitali, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua.

Tulikwenda, mama yake akipandishwa basi kwa kubebwa na mguu wake vilevile. Nilimkuta mwanangu hawezi kufumbua macho na machozi yanamtoka. Sijaona kitu kibaya kuliko kile.

Daktari aliniita peke yangu kwenye ukumbi, mchana, watu wanapita na ndoo za maji. Akaniuliza alikula nini, nikamwambia. Akaniuliza walihifadhiwaje, nikamwambia hilo nalo. Akanieleza taratibu, kijana mwenye adabu. Kuna vijidudu, akasema, ambavyo hewa ndiyo inayovizuia. Chakula chenye unyevu ukikitolea hewa na kukiacha kwenye joto, umevijengea nyumba. Vinatoa sumu isiyonuka na isiyoonekana. Wangekuja kwenye kapu, wazi na wakavu, huenda lisingetokea. Wangewekwa kwenye baridi kali tangu mwanzo, vivyo hivyo. Nilimwona Mzee Kombo na koti lake kana kwamba amesimama pale.

Nikarudi wodini. Mama mkwe wa Mwajuma alikuwa mlangoni, mjukuu mkononi, anamnywesha maziwa ya kopo kwa kuwa ya mama yake yalikuwa yamekatika.

"Daktari kasemaje?"

Bi Zuhura akageuka kunitazama, anasubiri.

Nikasema, "Kasema samaki hawakuiva vizuri."

Sentensi hiyo moja tu. Sikuipanga, ilinitoka. Mama mkwe akafyonya, akasema kumbe mkono wa mama mtu, na Bi Zuhura akaangalia viganja vyake kama si vyake.

Mwajuma alipona, alhamdulillahi, ingawa ilichukua miezi kabla hajaweza kubeba ndoo. Arobaini yake iliishia hospitali. Habari zikatangulia kufika Dunda kabla yetu. Hakuna aliyemtukana mke wangu, watu wetu wana staha. Waliacha tu kuja. Aliwasha moto mara mbili tatu, samaki wakabaki kwenye tunga mpaka tukawala sisi. Kisha akaushusha uchaga na kuufanya kuni. Siku moja tunakula, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Daktari alisema hawakuiva?"

"Ndiyo."

"Niliwageuza mara tatu," akasema. Hakuuliza tena.

Baada ya hapo alihamia barazani pangu, anauza ubuyu na kashata kwenye meza ndogo mlangoni mwa duka. Na nikawa namsikia. Mteja akitoka na boksi la mashine, anamwita: "Mwanangu, hiyo ni nzuri, lakini samaki umtie friza. Hata mwenye duka akikwambia vingine, wewe umtie friza." Wale vijana walikuwa wanacheka, wanasema huyu bibi noma, anamharibia mzee biashara. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya kaunta, na sikuwahi kutoka kumkataza. Wala kumshukuru. Siwezi kusema alijua. Siwezi kusema hakujua. Mwaka juzi moyo ulimchoka, akafariki asubuhi akiwa anapanga kashata.

Sasa mwaka huu, Shaaban hii, kati ya simu zenu zote ikaingia ya Mwajuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, yuko shule. Baba, nataka mashine ya vakyumu, ya bei nafuu, unichagulie wewe. Nataka kubanika samaki kama wale wa mama. Sasa hivi nina friza. Nitawaivisha vizuri mimi. Mama, Mungu amrehemu, siku ile aliharakisha."

Nilikuwa nimekaa pale pale barazani. Nikamwambia. Nilianza na volti na mpira kwa sababu ndiyo ninayoyajua, halafu nikasimama katikati na kumwambia yote, maneno ya daktari na maneno yangu, na kwamba mama yake alinikataza mbele ya watu watatu na nikamziba mdomo. Sikujitetea, ingawa ulimi ulitaka.

Nikasikia akifunga mlango upande wake.

"Baba," akasema, "mama alinishika miguu pale kitandani, akaniomba radhi. Mimi nilikuwa siwezi kusema, nilikuwa namsikia tu. Na wewe nilikuona kwa upenyo wa kope, umekaa kwenye kiti, unamenya chungwa."

Hilo sikuliandika pale juu, mmeona. Nilitaka lipite. Ni kweli. Nilikuwa namenya chungwa, nikalimaliza, nikamgawia mke wangu nusu, akalipokea.

Simu ikakatwa. Haijapigwa tena, na nikipiga mimi inaita mpaka inakoma.

Kwa hiyo, wanangu, mashine nunueni. Nunueni ya bei nafuu, hiyohiyo ndogo, mkitazama mpira na waya na kitufe. Mchele, maharage, karanga na vitu vikavu vifungeni mviweke kabatini, havina shida. Lakini samaki, nyama, na chochote chenye unyevu, hata kama kimepita motoni, hata kama bibi zenu walikiweka nje miaka yote, kikishaingia kwenye mfuko huo kiende kwenye friza saa hiyohiyo, na umeme ukikatika kutwa na kikayeyuka, msikionee huruma. Mwenye duka akiwaambia vingine, hata awe na mvi kama zangu, msimsikilize. Hayo ni maneno ya Bi Zuhura. Na ninyi wa Dunda mlioacha kuja jikoni kwake, sikuwa na uso wa kuwaambia akiwa hai, nawaambia sasa.

Mashine ya Mwajuma nimemnunulia. Niliipima kwa kijiko na beseni, nikakata mifuko ya kutosha, nikaongeza mpira wa akiba. Nilipoifikisha kwenye basi, karani akataka niandike juu ya boksi jina la mpokeaji na kilichomo ndani. Nikaandika jina lake. Penye kilichomo nikaandika kwa herufi kubwa: SAMAKI WA MAMA YAKO WALIKUWA WAMEIVA.

Karani akasoma, akanitazama. "Mzee, humu kuna samaki?"

Nikamwambia hamna, ni mashine tu. Akaandika "mashine" kwenye risiti yake, lakini maandishi yangu juu ya boksi aliyaacha kama yalivyo.